Barua kwa binti yangu anayesoma sheria

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sote hatujambo, na bibi yako anakuombea kila jioni umalize mwaka wako salama.

Nimesoma ulichoniandikia kuhusu Zama za Kati za Ulaya: kwamba siasa yao ilikuwa mfalme, papa na upanga tu, na kwamba kumwajibisha kiongozi ni jambo la juzi. Hapo sikubaliani nawe, na silinyamazii, kwa kuwa wewe utakuja kuwa wakili. Wakili akiamini kwamba haki zinaongezeka zenyewe kadiri miaka inavyokwenda, hatashtuka zinapopungua.

Chukua mji wa Siena, Italia. Tangu 1287 hadi 1355 uliongozwa na baraza la watu tisa, wengi wao wafanyabiashara na wenye mabenki. Kila tisa walishika madaraka kwa miezi 2 tu, wakiishi humo humo ndani ya jumba la serikali. Zamu ikiisha, mtu alisubiri miezi 20 kabla ya kuruhusiwa kurudi.

Ila kinachonigusa zaidi ni cheo cha podestà, kilichokuwepo katika miji mingi ya kaskazini na kati ya Italia. Huyu ndiye aliyesimamia mahakama na utulivu wa mji. Alitafutwa kwa makusudi kutoka mji mwingine, ili asiwe na shemeji wa kumpendelea wala hasimu wa kumkomoa. Alikuja na mahakimu wake, makarani wake na askari wake, akatumikia miezi 6 au mwaka mmoja. Muda ukiisha hakufunga mizigo na kuondoka. Alibaki mjini siku kadhaa huku wakaguzi wakipekua hesabu na hukumu zake, na aliyeonewa akaja kulalamika mbele yao. Akikutwa na kosa, alitozwa faini. Ukaguzi huo waliuita sindacato.

Sasa fungua Ibara ya 46 ya Katiba yetu ya Tanzania. Rais hashitakiwi kwa jinai akiwa madarakani, na hata akishatoka, ni marufuku kumshitaki kwa jambo alilolifanya kama Rais, isipokuwa kama aliondolewa na Bunge. Najua hoja za kinga hiyo, na baadhi yake ni nzito: nchi haiwezi kuongozwa na mtu anayeburutwa kortini kila wiki. Najua pia kwamba tunaye Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, na taarifa zake huwasilishwa bungeni kila mwaka. Lakini podestà alikaguliwa yeye mwenyewe, mwili wake ukiwa bado ndani ya mji. Kwa kiongozi anayetoka, watu wale wa miaka 700 iliyopita walikuwa wakali kuliko sisi.

Jambo la pili linanihusu mimi niliyekaa na majalada ya mahakama ujana wangu wote. Unakumbuka nilivyokuwa nikirudi jioni nimechoka kwa huzuni? Mtu anasomewa hukumu ya shamba lake kwa Kiingereza, kisha ananifuata koridoni: “Mama, nimeshinda au nimeshindwa?” Siena walilitazama jambo hilo mapema sana. Sheria zao zilikuwa kwa Kilatini. Mwaka 1309 wakaamuru zitafsiriwe kwa lugha ya mtaani, kazi akapewa notari, yaani mwandishi wa hati za kisheria, Ranieri Gangalandi, na nakala iandikwe kwa herufi kubwa zinazosomeka, iwekwe katika ofisi ya hazina kwa ajili ya maskini na wengine wasiojua Kilatini. Sisi tulibadili sheria mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, na kazi ya kutafsiri bado inamhitaji kijana kama wewe.

Usidhani nasema Siena ilikuwa peponi. Mwanamke hakuwa na kiti katika baraza lile. Wakulima wa vijijini walilipa kodi bila sauti. Vyeo vilizunguka ndani ya koo zile zile, na mwaka 1318 wachinjaji nyama na manotari waliokuwa wamefungiwa nje waliinuka, wakashindwa. Hatimaye, 1355, mfalme Charles IV alipofika mjini, makabwela na wakuu wakaungana kuwaangusha wale tisa. Wewe leo unaweza kupiga kura, kugombea na kuwa jaji, na hilo nalishukuru.

Katika chumba walimokutania wale tisa, kati ya 1338 na 1339, mchoraji Ambrogio Lorenzetti alipamba kuta kwa picha za utawala mwema na utawala mbaya. Zitafute maktaba. Upande mmoja, raia 24 wameshika kamba moja inayoshuka kutoka kwa Haki, aliyechorwa kama mtu, na Umoja, naye kachorwa vivyo hivyo, amepakata randa ya seremala, ya kusawazisha waliojiinua. Upande wa pili Mdhalimu ana pembe, na Haki amelala miguuni pake amefungwa. Watawala walifanya maamuzi yao huku picha hiyo ikiwatazama.

Ukishaziona, niandikie jibu la kisheria, si la hasira: kinga ya kiongozi inapaswa kukoma lini, na nani awe na mamlaka ya kumzuia asiondoke kabla ya kukaguliwa? Weka ibara na hoja za pande zote mbili. Nitazisoma zote.

Mama yako