Shukrani kwa dada wa treni ya Ooty

Dada uliyekaa mkabala na mama yangu kwenye treni ya kutoka Mettupalayam kwenda Ooty, jina lako silijui, lakini shukrani zangu ni za dhati.

Tulikuwa Tamil Nadu, kusini mwa India, kwa matibabu ya mama, na daktari alipomruhusu kutembea tukaamua kupanda milima ya Nilgiri. Treni ilipoanza kukwea, mama akashika kiti kwa hofu. Wewe ndiye uliyemwonyesha ile reli yenye meno iliyopita katikati ya njia, ukamweleza kwamba injini ya mvuke iko nyuma, inatusukuma. Kumbe njia ile ilifika Coonoor mwaka 1899 na Ooty mwaka 1908! Hofu ikamtoka, akaanza kuhesabu mahandaki.

Pale Coonoor, wakati injini inabadilishwa, mama alikuwa anatetemeka. Tulitoka kwenye joto la tambarare na khanga tu, na Ooty iko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Ukavua shali yako ya sufu, ukamfunga mwenyewe, kichwani hadi kifuani. Ukamletea chai ya maziwa yenye tangawizi, ukamshikia kikombe, maana mikono yake ilikuwa haijarudi nguvu. Tulipofika nikataka kukurudishia shali. Ulikataa katakata, ukapotelea kwenye umati wa stesheni.

Mama anaendelea vizuri, alhamdulillahi, na kila baada ya swala anakuombea. Mungu akuzidishie, dada yangu, akulindie na wazazi wako.