Shikamoo ya saa tisa usiku

Mwanangu,

Marahaba. Shikamoo yako ya jana nimeiona, imeingia saa tisa na robo usiku. Ya juzi iliingia saa nane kasoro. Mimi usiku naamka kwa sababu zangu za kizee, lakini wewe una miaka thelathini na moja. Nini kinakuamsha? Au hukuwa umelala kabisa?

Naandika kwa kalamu kwa sababu kwenye simu vidole vinanichelewesha, hasira inapoa kabla sijafika mwisho. Mdogo wako ataipiga picha akutumie.

Sikatai kwamba habari unazonitumia zina raha yake. Jumatatu ulinieleza kuwa katika filamu ya kwanza ya Tom na Jerry, wale paka na panya wa katuni, ya mwaka 1940, Tom hakuitwa Tom, aliitwa Jasper. Jumanne, kwamba zile kelele za Tom akiumia nyingi alizipiga William Hanna mwenyewe, mmoja wa wale wawili walioianzisha katuni. Jumatano ukaja na hesabu: yeye na Joseph Barbera waliongoza filamu 114 pale kampuni ya filamu ya MGM, zilizotoka kati ya 1940 na 1958, saba kati ya hizo zikapata Oscar, na aliyekuwa akizipokea ni mtayarishaji wao, Fred Quimby. Hapo kwenye ujumbe wa sauti ulicheka. Nimeusikiliza mara tatu na kicheko hicho sijakipenda. Kazini kwako kuna mtu anapokea sanamu zako? Kama ndivyo, sema hivyo, usinizungushe kwa paka na panya.

Mama yako ananiambia nikuache, eti kila mtu ana kinachomtuliza. Yeye akiwa na mawazo hufua hata nguo safi. Lakini yeye hufua mchana.

Mimi sina ugomvi na katuni. Tena nikwambie jambo. Ulikuwa na miaka sita, uko jikoni, televisheni iko sebuleni. Muziki ukianza tu unapaza sauti, "Hiyo siyo ya kweli!" Na kweli haikuwa. Ni zile 13 za Tom na Jerry alizoongoza Gene Deitch, siyo wale wawili, zilizotengenezwa Prague na kutolewa mwaka 1961 na 1962, ambazo sauti zake zina mwangwi kama watu wamo ndani ya tangi. Mimi nilikuwa fundi redio wa miaka mingi na sikuwa nimesikia tofauti mpaka uliponionyesha. Nilipofika karakana kesho yake niliwasimulia wote. Wewe sikukwambia. Halafu mtoto mwenye sikio la namna hiyo nikampeleka uhasibu. Haya, hayo yameshapita, na uhasibu umekuweka mjini.

Unalala saa ngapi? Nijibu hilo kwa tarakimu, kama unavyonijibu ya 1940.

Sasa nije kwenye swali lako la kile kipande. Umesema umeitazama upya ile ya mwaka 1947, Tom anapiga piano kwenye ukumbi amevaa suti, anapiga muziki wa Liszt, na Jerry alikuwa amelala mle ndani ya piano. Ukashangaa kwamba miaka yote ulidhani kidole cha Tom kinabanwa ghafla tu bila sababu, kumbe kuna mahali Jerry anatoa vibao vya piano na kuweka mtego wa panya badala yake, na Tom anapiga akiuruka, akiuruka, mpaka unamnasa. Ukaniuliza, "Baba, kile kipande kilikuwa wapi?"

Jibu ni la kifundi. Mkanda wa VHS, yaani wa kaseti ya video, kwa PAL, mfumo wetu wa televisheni, hupita sentimita mbili na nukta tatu kwa sekunde. Shubiri yangu ni sentimita 22. Piga hesabu, mhasibu: ni sekunde tisa na ushei. Hicho ndicho nilichokata. Na picha kwenye mkanda ule hazikuandikwa kwa urefu. Kichwa cha deki ni gurudumu linalozunguka mara 25 kila sekunde na kuchora mistari ya mshazari, mmoja pembeni ya mwingine, kwa hiyo ukikata ukaunga kwa gundi ya karatasi, kichwa kinapofika kwenye kiungo kinapotea njia. Ndiyo zile chenga ulizokuwa ukizihesabu "moja, mbili" kabla ya Tom kubanwa kidole. Na ilibidi kukata, kwa sababu mkanda uliokunjamana haunyooki tena, ukiupitisha hivyo unakwangua kichwa. Mkanda hukunjamana kwa njia mbili: deki ikiumeza, au mtu akiivuta kaseti kwa nguvu kabla deki haijauachia. Mimi nilikwambia umemezwa. Deki ile haikuwahi kumeza mkanda hata mmoja, niliitunza kwa mikono yangu.

Na siku hizo ulikuwa ukipandisha sauti mno. Nikipaza yangu kutoka chumbani, wewe unazidisha ya televisheni. Filamu zenyewe karibu hazina maneno, ni muziki wa Scott Bradley na vyombo kuvunjika. Nikawa najiuliza mtoto huyu anataka kusikia nini. Mama yako alikuwa anajua unachotaka kutosikia. Basi.

Lakini sasa unaishi peke yako. Mdogo wako alipolala kwako mwezi uliopita anasema ulikuwa na kompyuta kifuani mpaka alfajiri, sauti juu. Unazima kelele ya nani?

Usinielewe vibaya. Watu wazima wengi wanarudi huko. Umenieleza mwenyewe kwamba mwaka 1957 MGM ilifunga idara nzima ya katuni, kwa kuwa ilionekana filamu za zamani zikitolewa upya zinaingiza fedha karibu sawa na mpya. Ukaniuliza nasemaje. Aliyepiga hesabu ile hakukosea, ndicho kinachouma. Ila wale wawili, Hanna na Barbera, mwaka huohuo walifungua kampuni yao, na kwa kuwa televisheni ililipa kidogo, wakachora kidogo: kiwiliwili kimesimama, kichwa tu ndicho kinachochorwa upya. Umewahi kujiuliza kwa nini Yogi Bear wao, dubu mzima, anavaa kola na tai bila shati? Ni kuficha kiungo cha shingo. Hilo limenifurahisha kuliko Oscar zote saba. Nimemsimulia mama yako, hakucheka.

Fedha za bati zimefika, asante. Sebuleni bado panavuja, si pale pa zamani, sasa ni juu ya kabati. Fundi alikuja akapanda, akashuka, akasema tatizo ni misumari. Kila fundi wa bati akishuka huwa ni misumari. Nitapanda mwenyewe, na usimwambie mama yako.

Nikipekua stoo kutafuta turubai nimekuta panya wametafuna makasha ya kanda zako zote, wamebakiza plastiki. Kanda zenyewe ziko salama. Paka tunaye, analala juu ya deki mchana kutwa na panya wanapita chini yake. Nadhani wana mkataba, kama wako wale. Mama yako anataka deki itupwe. Nimemwambia deki siyo yangu, ni ya mtoto, asubiri mtoto aje. Kwa hiyo njoo, maana nimekusingizia.

Pia hukuja alipofanyiwa jicho. Ulipiga simu, ndiyo. Alikuwa amefungwa bandeji, anaigeuza simu upande huu na ule akidhani picha yako ipo pale. Silisemi hili kukuumiza. Au pengine nalisema.

Mambo machache basi. Kompyuta isilale kitandani. Kahawa mwisho saa nane mchana. Kama ni wiki ya tatu hulali, nenda hospitali, usingoje ya nne. Mimi nilingoja miaka, na kaseti yako ndiyo iliyoona. Dada yako ana ushauri mzuri kuliko wangu lakini humpigii kwa sababu ya ile harusi, na hilo nalo mlimalize. Na kama ni kazi inakula nafsi yako, chumba chako kipo, ila ndani kuna mashine ya kushona ya mama yako na magunia mawili, tutayahamisha.

Deki nimeifungua. Kichwa ni kizima, nimekipangusa kwa spiriti. Mpira wa injini ndio umelegea, hauzungushi. Huku mipira hiyo haipatikani tena. Huko mjini kwa mafundi wa zamani utapata, ni mpira wa duara, unene kama njiti ya kiberiti, ukiulaza mezani upana wake ni kama mdomo wa kikombe cha kahawa. Nunua miwili. Kile kipande cha shubiri kimo kwenye kopo la skrubu, kimekunjamana, hakitaungika, lakini nimekiona leo nikakirudisha.

Barua hii mdogo wako atakutumia jioni. Ukiisoma usiku, usinijibu. Nijibu asubuhi.

Baba yako