Muulizeni mwigizaji kuhusu mkataba wake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nilalamike kidogo. Makala zenu kuhusu waigizaji wa filamu zimeshika njia ileile: sinema iliyompa jina, aliyemuoa, aliyeachana naye, gari analoendesha. Msomaji anafika mwisho bila kujua mtu huyo anakula nini filamu zikikatika, wala mkataba wake unasemaje.

Mchukueni Jackie Coogan, mtoto aliyecheza na Charlie Chaplin mwaka 1921 akawa gumzo la dunia. Alipokuwa mtu mzima akadai fedha zake. Mama yake na baba wa kambo wakamjibu kuwa hana chake, kwa sababu sheria ya California wakati ule ilihesabu mapato ya mtoto kuwa mali ya wazazi. Akaenda mahakamani mwaka 1938, na kati ya mamilioni ya dola aliyochuma akaambulia kama 126,000. Kesi hiyo ndiyo iliyozaa sheria ya mwaka 1939 inayoitwa kwa jina lake mpaka leo. Siku hizi mwajiri wa huko hutenga asilimia 15 ya malipo ya mtoto katika akaunti ambayo hata mzazi haigusi. Mnaandika sana kuhusu watoto nyota, ila swali la nani anashika fedha zao sijaliona.

Au Olivia de Havilland, mwigizaji wa Hollywood. Mkataba wake na studio ya filamu ya Warner Bros. ulikuwa wa miaka saba. Akikataa filamu, alisimamishwa bila malipo, na muda wa kusimamishwa ukaongezwa mwishoni mwa mkataba, kwa hiyo kila akigoma kifungo kinarefuka! Alishtaki, na mwaka 1944 mahakama ya rufaa ikaamua kuwa miaka saba ni miaka saba ya kalenda. Kesi ilipokuwa ikiendelea hakuna studio iliyothubutu kumpa kazi. Baadaye alishinda Oscar mbili, na hizo ndizo hutajwa kila anapoandikwa. Kwangu mimi ile kesi ina uzito zaidi, maana iliwafungua na wenzake wengi.

Msidhani hayo ni ya kale. Mwigizaji Ke Huy Quan alivuma utotoni katika miaka ya 1980, kisha simu zikaacha kulia, akajishughulisha nyuma ya kamera kwa miaka mingi kabla ya kushinda Oscar mwaka 2023. Mwaka huohuo waigizaji wa Marekani waligoma kuanzia Julai hadi Novemba. Walidai malipo ya haki filamu zao zinaporudiwa kuonyeshwa mtandaoni, pia kinga dhidi ya akili mnemba kutumia sura na sauti zao bila ridhaa. Ili apate bima ya afya ya chama chake, mwigizaji alitakiwa kuchuma dola 26,470 kwa mwaka, na wanachama wengi hawafiki hapo. Hao hawapigwi picha kwenye zulia jekundu, lakini ndio wanaojaza filamu tunazozitazama.

Mkimhoji mwigizaji tena, basi, muulizeni filamu yake ikirudiwa kuonyeshwa analipwa au halipwi, na nani ana haki ya kuitumia sauti yake akishafariki. Habari za harusi mnaweza kuziacha ukurasa wa pili.

Msomaji wenu