Hivyo vidonge vya kumbukumbu mnavyowatangazia wazee wetu

Mhariri, salamu kwako na timu nzima. Naomba kuongelea hilo tangazo la vidonge vya antioksidanti (yaani virutubisho kama vitamini C, vitamini E, beta karotini na madini ya seleniamu, vinavyopambana na chembe haribifu mwilini) linalotoka kwenye gazeti lenu kila wiki, ati vinazuia usahaulifu wa uzeeni. Mama yangu mkubwa kalisoma, hela aliyotumiwa na wanawe ya dawa ya presha akaenda kununulia kopo. Ukimuuliza anasema si limeandikwa gazetini!

Sisemi antioksidanti ni uongo jamani. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili lakini unatumia karibu asilimia 20 ya oksijeni, tena una mafuta mengi, kwa hiyo zile chembe haribifu zinazotokea oksijeni ikitumika zinaupiga sana, na umri ukienda kinga yake inapungua. Ndo wataalamu wakasema basi tuwape watu vitamini tuone. Wakaona. Marekani wazee wa kiume zaidi ya 7,500 waliwekwa kwenye utafiti wa vitamini E na seleniamu, majibu yakatoka 2017, waliomeza na wasiomeza ugonjwa wa usahaulifu uliwapata vilevile. Kuna mwingine wa 2014, huo ni wa watu ambao tayari wana Alzheimer, aina mojawapo ya huo ugonjwa wa usahaulifu, vitamini E ya dozi kubwa iliwasaidia wasipoteze haraka uwezo wa kujihudumia ila kumbukumbu yenyewe haikuonyesha nafuu, na hapo walikuwa wanafuatiliwa na madaktari, sio kopo la dukani. Na Finland 1994 wavuta sigara waliopewa beta karotini wakaugua saratani ya mapafu kuliko wenzao ambao hawakupewa. Hilo mbona halipo kwenye tangazo?

Kwenye chakula kidogo kuna matumaini. 2012 ilitoka taarifa ya manesi wa Marekani, wale waliokula sana matunda ya bluuberi na stroberi akili zao zilichelewa kuchoka hadi kama miaka miwili na nusu, japo inawezekana pia ni kwa sababu maisha yao kwa ujumla yalikuwa mazuri. Bluuberi nani ananunua huku, lakini ile rangi yake ya asili, ambayo nayo ni antioksidanti, ya namna hiyohiyo ipo kwenye zambarau na kwenye juisi ya rosela (punguzeni sukari basi), halafu kuna mchicha, matembele, viazi lishe, karanga. Mchicha nao usipigwe magadi ukachemshwa mpaka umekuwa uji, vitamini C yote inaishia hapo.

Jopo la jarida la kitabibu la Lancet 2024 lilitaja mambo 14 yanayochangia huu ugonjwa wa usahaulifu, yakidhibitiwa karibu asilimia 45 ya wagonjwa wangeweza kuuepuka au kuuchelewesha. Presha imo, kisukari kimo, sigara, hata masikio kutosikia vizuri. Kukosa kumeza vidonge vya antioksidanti hakumo.

Sasa mhariri, najua matangazo ndo yanalipa mishahara, ila mtafuteni daktari wa wazee mmoja aandike ukurasa huohuo kwa maandishi makubwa kwamba dawa ya presha haiachwi ili kununua kopo. Mama mkubwa anasoma lenu tu.

Msomaji wenu,
Morogoro