Betri mbili za mashua zisifungwe kama moja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumze na mafundi na wenye mashua za tanga zenye injini ndogo, kuanzia Tanga hadi Kilwa na Visiwani. Nyingi sasa zina betri mbili za volti 12, na bado alfajiri injini hugoma kuwaka. Kosa mara nyingi ni la ufungaji: betri zote mbili zimeunganishwa moja kwa moja, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, usiku na mchana. Taa na redio zikinyonya, zinanyonya zote. Na moja ikianza kufa, inaimaliza na ya pili.

Betri moja iwe ya kuwashia injini tu. Ya pili ibebe taa, redio, GPS na pampu. Hasi ziungane, ziende kwenye chuma cha injini kwa waya mnene. Zinazotenganishwa ni chanya, ama kwa swichi ya kuchagua (1, 2, zote, zima), ama kwa relei, yaani swichi inayojiendesha yenyewe kwa kuhisi volti. Swichi ni rahisi kununua, lakini nahodha akiiacha kwenye “zote” akalala, tumerudi palepale. Tena isipitishwe kwenye “zima” injini ikizunguka: alteneta (mtambo wa injini unaochaji betri) ikikosa betri ghafla, volti hupanda na daiodi zake, vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, huungua. Mimi nashauri relei. Injini ikichaji hadi kama volti 13.3, inaunganisha betri zote mbili. Zikishuka kama 12.8 inaachia yenyewe, wala hakuna wa kusahau.

Kila waya wa chanya unaotoka kwenye betri, ukiacha ule mnene wa stata (mota ya kuwashia injini), uwe na fyuzi isiyozidi sentimita 18 kutoka betrini. Fyuzi inalinda waya, kwa hiyo ipimwe kwa unene wa waya. Kuizungushia karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara ikiungua ni kuwasha moto ndani ya mbao. Pampu ya ngama, ile ya kutoa maji chini ya chombo, peke yake isipitie swichi kuu. Ipewe fyuzi yake na ichukue umeme moja kwa moja kwenye betri ya matumizi, ili chombo kikivuja mkiwa pwani ifanye kazi.

Waya ndio unaodharauliwa kuliko vyote. Kifaa cha ampea 10 kilicho mita 5 kutoka betrini kinahitaji mita 10 za waya, kwenda na kurudi. Waya wa unene wa milimita za mraba 2.5 unapoteza karibu volti 0.7; wa 6 unapoteza 0.3 tu. Ndiyo maana redio husikia vizuri lakini huzimika ukibonyeza kuongea: ikisikiliza inakula chini ya ampea moja, ikirusha wati 25 inakula tano au sita. Kabla ya kuilaumu redio, kagua waya na viungo. Waya wa nyumbani wenye uzi mmoja hukatika kwa mtikisiko. Tumieni wa nyuzi nyingi zilizopakwa bati, maana shaba tupu huota kutu ya kijani kwa chumvi.

Mita ya kupimia ikae chomboni. Pima alfajiri kabla sola haijapata jua, kila kitu kikiwa kimezimwa. Betri ya asidi ikisoma 12.7 imejaa. Ikisoma 12.2 imebaki nusu. Msiishushe zaidi ya hapo, ichajini kwanza ndipo mtweke.

Fundi umeme wa vyombo,
Tanga