Zuhura, usisogeze mtihani

Shosti wangu Zuhura,

Za masiku? Huku wazima, mama anakusalimia sana, Kibwana karudi toka Tanga na kelele zake zilezile. Ile voisi yako ya jana nimeisikiliza mara mbili nikaona bora nikuandikie, kwenye simu ungenikatiza. Eti unataka kusogeza mbele GRE, mtihani wako wa kuombea chuo, kisa maswali ya uwiano? Umejiandaa muda wote huo, misamiati yao ile migumu umeimeza, af ukwamie kwenye 3 kwa 5? Hapana aisee, na kuahirisha kwenyewe kuna ada.

Hebu twende na swali lilelile ulilonitumia picha. Ofisi ina wanawake na wanaume kwa uwiano wa 3:5, wakaajiriwa wanawake 6, uwiano ukawa 3:4, wanaume ni wangapi? Umeona 3 imebaki 3 na 5 imeshuka kuwa 4, ukaanza kuwatafuta wanaume wameenda wapi. Hawajaenda popote shosti, wako walewale, kilichobadilika ni ukubwa wa fungu. Si unamwona Side akikoroga zege 1:2:4, saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, apimie ndoo apimie karai bado ni 1:2:4 tu? Sasa hilo karai ndo k yako, yaani ukubwa wa fungu moja. Kabla hujagusa kitu kingine andika wanawake 3k, wanaume 5k.

Wanawake wakiongezeka wanakuwa 3k + 6, wanaume wanabaki 5k, na uwiano wa hizo mbili ukiuweka sawa na 3 kwa 4 unazidisha huku na huku unapata 12k + 24 = 15k. k ni 8. Wanaume 40, wanawake walikuwa 24 sasa 30, na 30 kwa 40 ni 3:4. Umeona? Mwanzo kila fungu lilikuwa watu 8, mwisho watu 10, ndo maana wanaume 40 walewale walikuwa mafungu 5 wakawa 4. Mimi hapo ndo napapenda kuliko pote, maana ukishapaona hilo swali haliwezi kukutisha tena.

Yale ya watu watatu, A kwa B 2:3, B kwa C 4:5, usiyaunganishe hivihivi, B lazima awe na namba moja kote, 12, kwa hiyo ule wa kwanza zidisha kwa 4, wa pili kwa 3, unapata 8:12:15. Basi.

Yanayoniuma ni yale ya kulinganisha Kiasi A na Kiasi B, kwa sababu yanakula maksi za watu wanaojua hesabu kabisa. Wanakupa wavulana kwa wasichana 2:3 halafu wanauliza tofauti yao na 10 ipi kubwa. Tofauti ni k, na k hujapewa! Inaweza kuwa 4, inaweza kuwa 50, jibu ni kwamba haijulikani, unasonga mbele. Ila wakisema jumla ni chini ya 20 basi amka, watu hawakatwi nusu, jumla ni 5k kwa hiyo ni 5, 10 au 15 tu, tofauti haivuki 3.

Na muda unaujua, sehemu ya kwanza ya hesabu maswali 12 kwa dakika 21, halafu ya pili 15 kwa dakika 26, yaani hata dakika mbili kwa swali hazifiki. Kikokotoo kipo kwenye skrini ila hakikuandikii 3k na 5k, hiyo ni kazi yako. Likikugomea liwekee alama urudi baadaye kabla sehemu haijaisha, na usiache wazi, ukikosa hawakukati kitu. Ila k kwanza, Zuhura, tafadhali, hata kama swali linaonekana la kichwani.

Neema kasema atakuazima yale makaratasi yake, alikupa au bado anazungusha? Umeamua kufanyia nyumbani au kituoni? Kama ni nyumbani, umeme wa huko kwenu mnauamini kweli? Na chuo wanataka matokeo lini hasa, maana kwenye voisi ulilipita haraka? Nitumie leo maswali yote ya uwiano yaliyokushinda, na usiku saa tatu nikupigie tuyapitie, utakuwa umeshamlaza mtoto?

Wako,
Mwana