Picha za Krismasi zilituingiza mjini

Ndugu mhariri,

Nimesoma ile makala yenu ya miji mizuri ya kwenda kutembea siku mbili tatu wakati wa Krismasi, picha tamu kweli, taa, vibanda, mti mkubwa katikati ya uwanja, ila naomba niseme kitu maana na mimi niliingizwa mjini na picha kama hizo hizo.

Mwaka mmoja mimi na mke wangu tulichagua Cologne kule Ujerumani, kisa picha moja tu ya lile kanisa kuu lao na vibanda vya paa jekundu chini yake. Tumetua tarehe 24 mchana, tumetupa mabegi hotelini, mbio mpaka kanisani. Tunakuta nini? Jamaa wawili juu ya ngazi wanakunja nyaya za taa, mwingine anapakia mbao kwenye lori, lile soko la Krismasi la vibanda limefungwa jana yake! Na maduka nayo ndo yalikuwa yanateremsha mageti, maana kule siku ya mkesha ikifika saa nane mchana mengi yameshafunga, halafu 25 na 26 zote mbili ni sikukuu. Yani tulizunguka kwenye mji uliolala tunasikia kengele tu. Mke wangu hakusema neno, alikuwa ananitazama tu, na bora angesema.

Nilikuja kuelewa baadaye kwamba masoko yale ni ya Majilio, yani zile wiki za kuisubiri Krismasi, siyo ya Krismasi yenyewe, ndo maana yanafunguliwa mwishoni mwa Novemba na mengi yanakwisha mkesha au kabla ya hapo. Huko huko Ujerumani, Nuremberg wanafunga tarehe 24, Dresden ambao soko lao lipo tangu 1434 nao hivyo hivyo. Sasa mtu likizo yake inaanza tarehe 24 mnamwambia aende Dresden akaangalie nini, lori? Mngemwambia Vienna, pale mbele ya jengo la halmashauri ya jiji huwa wanasogeza mpaka 26, au Prague ambako kwenye uwanja wa mji mkongwe wanaenda mpaka tarehe 6 Januari.

London nako mmesifia ule mti wa Trafalgar Square ambao watu wa Oslo wanautuma kila mwaka tangu 1947, sawa, mti mzuri, lakini mbona hamkusema kwamba tarehe 25 hakuna Tube, yani treni zao za chini ya ardhi, wala basi la jiji siku nzima? Mtu atachukua hoteli ya mbali kwa kuwa ni nafuu halafu siku yenyewe anabaki chumbani anaangalia ukuta, au atembee kwa mguu kwenye baridi. Kama ni London lala katikati, bana matumizi kwingine. Anayetaka mji usiofunga aende New York, treni za chini zinatembea usiku na mchana hata siku hiyo. Tokyo ndo kabisa, kule tarehe 25 wala siyo sikukuu ya serikali, taa zinawaka na watu wanaenda kazini kama kawaida. (Na wale mnaowapeleka Stockholm waambieni kwamba jua linazama saa tisa mchana haijafika, wengine hilo wanalipenda, mimi hapana.)

Halafu kitu kilichonishangaza zaidi, makala nzima ya Krismasi hakuna kanisa hata moja mlilolitaja kwa ajili ya ibada. Lalibela kule Ethiopia watu wanasherehekea tarehe 7 Januari, mahujaji wa mashuka meupe wamejaa mpaka ukingoni juu ya makanisa yaliyochongwa kwenye mwamba, na hiyo tarehe inamfaa sana mtu ambaye Desemba bosi kamnyima likizo. Bethlehem yenyewe wanaadhimisha mara tatu, 25 Desemba, 7 Januari na Waarmenia tarehe 19 Januari. Mmeiruka.

Mkitoa tena orodha hiyo mwakani tafadhali chini ya kila picha wekeni tarehe soko linapofungwa na kama usafiri upo siku ya 25, nafasi yake haizidi mstari mmoja. Sisi safari hii tunaenda Prague kuanzia tarehe 27, kalenda ya soko kaikagua mke wangu mwenyewe, mimi nimeachiwa kubeba mabegi.

Msomaji wenu wa kila siku